Kiongozi Anamwogopa Nani? Jibu kwa Mkulima wa Kitangari

SWALI: Ndugu mwanasheria, mimi ni mkulima wa korosho huku Kitangari, Newala, nina miaka 68. Shuleni tulikaririshwa ahadi za mwana-TANU mpaka leo nazijua kwa moyo. Siku hizi mbunge tunamwona kwenye runinga tu. Msimu wa kura anakuja na fulana na sukari, akishapata anahamia Dodoma. Kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika makato ya korosho yanasomwa haraka haraka, ukiuliza unaambiwa mzee unaleta siasa. Wajukuu zangu wanamwita mpigaji "mjanja", na mtu mwaminifu wanamwita mshamba. Niambie ukweli: nchi imebadilika tabia, au ni sisi tumezeeka? Na mtu kama mimi afanye nini? Binafsi nimeshaamua, kadi ya mpiga kura nimeifungia sandukuni.

JIBU: Mkulungwa wangu, shikamoo.

Umeuliza mambo matatu, na la mwisho umejijibu mwenyewe kabla hujanisikiliza. Hilo la kadi nitalirudia mwishoni. Nimefanya kazi ya sheria kwenye halmashauri za huku kusini mpaka nikastaafu, na vikao vya madiwani nimekaa vingi kuliko nilivyopenda. Nilichokiona huko ni kwamba mwenendo wa kiongozi humfuata yule anayeweza kumwondoa kwenye kiti. Ukitaka kujua kwa nini viongozi wa ujana wako walikuwa vile na wa leo wako hivi, uliza kwanza wa wakati ule walimwogopa nani, na hawa wanamwogopa nani.

Tuanze na zile ahadi. "Cheo ni dhamana", "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa", "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko". Maneno mazuri, lakini peke yake yasingemzuia mtu. Kilichomzuia ni Azimio la Arusha la Februari 1967 na Miiko ya Uongozi iliyokuja nalo. Kiongozi wa chama au serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari, wala kuwa mkurugenzi wake, wala kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Tazama ubora wa masharti hayo: yanakagulika. Nyumba ya kupangisha haifichiki, mtaa mzima unamjua mwenyewe na unamjua mpangaji. Aliyebainika alikuwa achague, nyumba au cheo. Kwa hiyo unachokikumbuka kilikuwepo kweli, uzee haujakuchezea.

Lakini kumbuka na mengine, mzee wangu, maana wewe ulikuwepo. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini kwa amri, na huku kwetu wengi waliacha mikorosho yao mbali na makazi mapya. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho kama tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Si uhamisho peke yake uliofanya hivyo. Ugonjwa wa ubwiri unga ulikausha maua, na bei ilikuwa haimshawishi mtu hata kufyeka chini ya mti. Lakini uhamisho ulikuwemo. Sasa yule mtendaji aliyekuja na amri ya kuhama pengine alikuwa mwadilifu kabisa. Hana hisa, hana nyumba ya kupangisha, anakula ugali na kisamvu kama wewe. Na bado hakumuuliza baba yako kitu. Alikiogopa chama kilichokuwa juu yake, na chama kilimtaka atimize idadi ya vijiji. Baba yako hakuwa na namna ya kumfanya chochote.

Nalisema hili kwa sababu wazee wenzako wengi wanaoniandikia wanataka turudi kule. Sehemu ya kule ilikuwa nzuri. Lakini hata kule mwananchi hakuwa ndiye anayeogopewa.

Sasa njoo mwaka 1991. Februari mwaka huo Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikaa Zanzibar ikalegeza yale masharti: mwanachama, kiongozi akiwemo, akaruhusiwa kununua hisa, kupangisha nyumba, kuwa na kipato zaidi ya kimoja. Sababu walikuwa nazo. Mishahara ilikuwa imeliwa na mfumuko wa bei, na watumishi walikuwa wakifuga kuku na kuuza barafu ili watoto wasome. Mimi simlaumu mtu aliyepangisha vyumba viwili ili aishi. Ninacholaumu ni kwamba uzio uliondolewa kabla ya kujengwa mwingine. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilikuja mwaka 1995, miaka minne baadaye, na yenyewe haikatazi kuwa na mali. Inamtaka kiongozi aitangaze. Kila mwaka, kabla ya Desemba kwisha, kiongozi anajaza fomu ya mali na madeni na kuipeleka kwenye Sekretarieti ya Maadili. Vizuri. Lakini fomu hizo hazibandikwi kwenye ubao wa ofisi ya kata. Kuziona kuna masharti yake, na sijawahi kukutana na mkulima wa Newala aliyeziona. Zamani mtaa mzima ulikuwa mkaguzi, leo mkaguzi ni kabati.

Kisha ikaja ile sukari unayoisema. Huenda hujui kwamba kuna wakati ilikuwa halali. Mwaka 2000 Bunge lilibadili Sheria ya Uchaguzi na kuingiza kifungu cha takrima: mgombea akitoa kitu kwa nia njema, kama ukarimu wa jadi, haihesabiki rushwa. Mashirika ya kutetea haki yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 kifungu kikatupwa kwa kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi kuzuia zaidi. Ila chaguzi za 2000 na 2005 zilikwishapita na kifungu kile, na mazoea hayakufutwa siku hukumu ilipotoka. Mgombea alijifunza kwamba kijiji kinanunulika. Na kijiji (utanisamehe, mkulungwa) kilijifunza kuuza. Nimewasikia kwa masikio yangu akina mama na akina baba wakisema mgombea fulani "hafai, mkono wa birika". Hawakuwa wanauliza msimamo wake juu ya ushuru wa korosho.

Nije kwa mbunge. Umeshangaa anahamia Dodoma. Mimi ningeshangaa angebaki Kitangari, kwa jinsi Katiba ilivyo. Ibara ya 67 inasema huwezi kugombea ubunge bila kuwa mwanachama wa chama na kupendekezwa nacho. Ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge umekwisha hapo hapo. Soma vifungu hivyo viwili pamoja. Chama kinaweza kumwondoa kesho asubuhi. Wewe uliyepanga foleni juani hauna kifungu hata kimoja cha kumwondoa mpaka miaka mitano itimie. Siku Bunge linapotaka kupitisha jambo linaloumiza wakulima wa kusini na chama kimeshatoa msimamo, unadhani atamwogopa nani?

Hili la mgombea binafsi limepiganiwa kwa miaka mingi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mara mbili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge, si la mahakama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo Arusha, ikaamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa katazo hilo. Katazo lingali pale.

Na kulikuwa na nafasi ya kubadili. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, ile ya Jaji Warioba, ilipozunguka nchi nzima kukusanya maoni, rasimu yake iliandika Tunu za Taifa saba: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya Taifa. Tena ikaweka kifungu cha wapiga kura kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Rasimu ikaingia Bunge Maalum mwaka 2014. Ilipotoka mwezi Oktoba, ikiitwa Katiba Inayopendekezwa, kifungu cha kumwondoa mbunge hakikuwemo, na kwenye orodha ya tunu uadilifu, uwazi na uwajibikaji zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa penye misingi ya utawala bora. Walioibadili walisema kinachoondolewa kwenye tunu hakijafutwa, kimehamishwa tu. Mimi mwanasheria naelewa hoja hiyo. Naelewa pia kwamba kifungu cha kumwondoa mbunge hakikuhamishiwa popote. Kura ya maoni yenyewe, iliyopangwa Aprili 2015, iliahirishwa, na hatujaipiga mpaka leo.

Kwa hiyo, swali lako la kwanza. Woga wa kutoka juu, ule wa Miiko, uliondolewa Zanzibar mwaka 1991. Woga wa kutoka chini, wa mpiga kura, ulijaribiwa kuandikwa mwaka 2014 ukafutwa. Kiongozi wa leo anaishi katikati hapo, haogopi juu kwa habari ya mali, haogopi chini kwa habari ya kazi. Wajukuu zako wanaliona hilo. Wanaona nani anajenga na nani anadaiwa duka, wanatoa majina kwa jinsi wanavyoona. Usiwapige mawaidha sana.

Najua mtu wa Mtwara akisikia "kuwawajibisha viongozi" anakumbuka gesi. Desemba 2012 watu waliandamana mjini Mtwara kupinga gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kabla hawajaelezwa wao watapata nini. Mei 22, 2013, bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni, mji ukawaka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaletwa. Bomba likakamilika mwaka 2015. Waliofiwa walibaki na msiba wao, na swali lililoulizwa, la nani aliahidi nini na kwa maandishi gani, halikujibiwa barabarani. Sikushauri njia hiyo. Na anayekuambia kwamba waliouliza walikuwa wahuni tu, naye usimsikilize.

Na kuna faraja moja ya uongo nataka niiondoe: "tungekuwa na mtu wetu juu". Tulikuwa naye. Rais wa 1995 mpaka 2005, Benjamin Mkapa, kwao ni Lupaso, Masasi. Daraja la Rufiji tulilipata wakati wake, 2003, nani asiyekumbuka kulala Ndundu akisubiri kivuko? Lakini ni katika miaka ile ile viwanda vya korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya nje viliuzwa kwa watu binafsi, na vingi vikageuka maghala. Waziri Mkuu wa 2015 mpaka 2025, Kassim Majaliwa, alikuwa mbunge wa Ruangwa. Na ilikuwa Juni 2018, yeye akiwa madarakani, Bunge lilipobadili sheria ili ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie wote Mfuko Mkuu wa Hazina, badala ya asilimia 65 kurudi kwenye zao kwa ajili ya pembejeo na utafiti. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa. Miezi michache baadaye, kwenye minada ya Oktoba, wakulima wa Newala na Tandahimba mlikataa bei za wanunuzi, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri; malipo yalichelewa kwa wengi, na uhakiki ukaingia kila kaya kutafuta walionunua kwa kangomba, ule ununuzi wa magendo nje ya ushirika. Utakumbuka kuliko mimi.

Angalia lakini kitu kimoja katika habari ile. Wabunge walioongea bungeni hawakubadili kitu. Wakulima waliosema "hatuuzi" kwenye mnada walibadili. Walikuwa wameshika kitu ambacho kilikuwa mikononi mwao kisheria: korosho ni yako mpaka ukubali bei.

Sasa nikujibu la pili, ufanye nini. Mbunge huwezi kumfukuza. Kuna watu wawili unaoweza: viongozi wa chama chako cha msingi na mwenyekiti wa kijiji. Mimi ningeanza na wa kwanza, kwa sababu huko ndiko hela yako inakopotelea.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inakufanya wewe mwanachama kuwa mwenye chama. Mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho, unachagua bodi na unaweza kuiondoa. Kila mwaka hesabu lazima zikaguliwe na taarifa ya mkaguzi isomwe mbele yenu. Kwa hiyo usiulize "mbona makato mengi?" Swali hilo linajibika kwa hotuba. Omba uonyeshwe karatasi. Kabla ya msimu Bodi ya Korosho hutoa mwongozo wenye mjengeko wa bei, yaani kila tozo na kiasi chake: ushuru wa halmashauri (tangu 2017 ni asilimia 3, zamani ilikuwa 5), sehemu ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji, magunia. Huo uombe nakala. Halafu omba mambo matatu ya mnada mmoja tu, ule ulioingiza korosho zako: kilo zilizopimwa kwenye chama na daraja zilizopewa, kilo zilizopokelewa ghala kuu, na bei iliyouzwa na tarehe yake. Linganisha. Kama kilo zimepungua njiani wataita unyaufu. Sawa, korosho hunyauka, lakini unyaufu una kiwango chake, na kama kila mara unapita kiwango basi kuna mtu ananyausha. Nenda na wenzako watano au sita wenye stakabadhi zao. Mzee mmoja akiuliza ataambiwa analeta siasa, ila wanachama saba wenye karatasi ni hoja ya kikao. Msipopewa, andikeni kwa Mrajisi Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa, yuko Mtwara mjini, ana mamlaka ya kuagiza ukaguzi na uchunguzi.

Nidokeze hapa jambo lisilopendeza. Kwenye baadhi ya vyama nilivyowahi kutoa ushauri, waliogoma hesabu zisisomwe hawakuwa bodi peke yao. Walikuwepo wanachama waliokwisha kuuza korosho zao kwa kangomba tangu Mei, na stakabadhi zilizo kwa majina yao ni za korosho za mtu mwingine. Watu hao watakuzomea. Wajue mapema ni akina nani.

Kijiji nacho. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kuitwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Vijiji vingi haviuiti mpaka mkuu wa wilaya awe anakuja. Mwandikieni mwenyekiti kuomba uitwe, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mwenyekiti asiyeitisha mikutano anaweza kuondolewa na mkutano huo huo kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Nimeliona likifanyika, na lilitikisa hata diwani. Taarifa nyingine mnazoweza kudai kwa maandishi kutoka halmashauri ni za Mfuko wa Jimbo, ambao mbunge wako ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa siku 30 kuwajibu. Barua iwe na nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hukuandika.

Limebaki sanduku. Siwezi kukudanganya kwamba kura imekuwa jambo jepesi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mtu akisema alichoka siku ile, namwelewa. Lakini usiseme kusini hakujui kupiga kura. Mwaka 2015, miaka miwili tu baada ya gesi, majimbo ya Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga na Kilwa zote mbili yalikwenda kwa upinzani, CUF, na Ndanda ikaenda Chadema. Mwaka 2020, upinzani ulipofagiliwa karibu bara nzima, Mtwara Vijijini ilimpeleka bungeni mgombea wa CUF. Sikuambii chama gani uchague, nakuambia waliohesabu kura hizo waliziona.

Na kama hutaki kabisa kumpigia mbunge, ni haki yako, mzee wangu, sitakubishia. Ila ile kadi uliyoifungia haihusiani na uchaguzi unaokugusa zaidi. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji huchaguliwa kwa orodha yake pekee, inayoandikwa upya hapo hapo kijijini siku chache kabla ya uchaguzi, na asiyejiandikisha hapigi hata akiwa na kadi tatu. Wa mwisho ulikuwa Novemba 2024, mwingine ni 2029. Tangazo la kujiandikisha hubandikwa kwenye ofisi ya kijiji na muda wake ni mfupi, hupita watu wakiwa shambani. Mwagize mjukuu mmoja alifuatilie.